Ratiba ya ukutani: kumlea nyumbani mtoto mwenye mgongo wazi

Juu ya cherehani yangu, hapa Mbagala, nimeandika ukutani kwa chaki ya fundi: 12, 4, 8, 12, 4. Wateja wanaokuja kupimwa magauni hudhani nacheza kamari. Mmoja aliniomba nimgawie na yeye namba za bahati. Hizo ni saa za binti yetu kutoa mkojo: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Chaki ikifutika naandika upya.

Binti ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri alipokuwa tumboni. Alifungwa mgongo akiwa na siku mbili, na alipofikisha wiki sita kichwa kikaanza kukua kuliko mwili, akawekewa mrija wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, ule ambao manesi wanauita shanti. Uani anatembea kwa magongo, shule anakwenda kwa wilchea. Mama yake anauza samaki, na ili awahi mnada wa Feri hutoka kukiwa bado giza. Kwa hiyo asubuhi nyumba ni yangu.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Kila kitu kilikaa kichwani mwa mama yake: saa, dawa, tarehe za kliniki, choo kilitoka lini. Siku alipolazwa yeye kwa malaria ndipo nilipogundua sijui hata jeli inawekwa wapi. Nilisimama na mtoto begani, nampigia mgonjwa simu wodini, namuuliza kopo lile la bluu liko wapi. Akanijibu kwa sauti ya dripu: "Baba wewe, unakaa nyumba ipi?" Ninayoyaeleza hapa yametokana na aibu ya siku ile. Mimi si daktari. Dozi na vipimo utavipata kliniki kwako. Mimi nazungumzia ya nyumbani.

Zile saa tano

Anza kwa kuelewa sababu, maana asiyeelewa sababu ataruka saa. Mishipa iliyoharibika mgongoni ndiyo ile inayokiambia kibofu kifunge na kifungue. Kwa hiyo kibofu cha mtoto wetu hakimwagi chote. Kinajaa, kinavuja kidogo juu juu, na kinachobaki kinakaa. Kikibana sana mkojo unarudi juu kwenye figo. Figo hazilii wala haziumi, zinakufa kimya kimya, na ndiyo maana kila mwaka tunapelekwa ultrasaundi na kipimo cha damu hata mtoto akiwa mzima anacheka. Usije ukaona nguo zimelowa ukasema "si anakojoa huyu". Kuvuja si kukojoa.

Kuingiza mpira wa mkojo, ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo kumwaga kibofu, utafundishwa na nesi, kwa mikono, mara nyingi, mpaka akuone umeweza. Siwezi kukufundisha kwa maandishi na wewe usikubali kufundishwa kwa maandishi. Nitakwambia vinavyozunguka tu.

Mikono kwanza. Sabuni ya kipande na maji yanayotiririka, hata kama ni ya dumu lililotobolewa kizibo. Sisi mwanzoni tulidhani lazima glavu na kila kitu kichemshwe kama chumba cha upasuaji, na siku tukikosa glavu tunaahirisha. Kosa. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides na wenzake huko Michigan, Marekani, walionyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha. Kibofu kilichojaa kupita kiasi ni adui mkubwa kuliko vijidudu vichache. Nilipoelezwa hilo nilitua mzigo. Tangu hapo kwetu hakuna kuahirisha kwa sababu ya glavu.

Mpira wenyewe hakikisha ni wa plastiki. Kiswahili kinatuchanganya hapa, tunaita mpira kitu ambacho hakitakiwi kuwa mpira. Watoto wa mgongo wazi hupata mzio wa raba kwa urahisi kuliko watoto wengine, kwa kuwa wanaguswa na vifaa vya hospitali tangu siku ya kwanza. Wetu alivimba midomo kwa puto la sikukuu. Sasa puto haliingii ndani, na hospitali tunatangaza mlangoni kabla mtu hajavaa glavu. Hata lastiki ya chupi naifunika kwa kitambaa cha pamba pande zote mbili. Faida ya kuwa na baba fundi.

Mipira hiyo imetengenezwa itumike mara moja itupwe. Sisi, kama familia nyingi tunazokutana nazo kliniki, tunaosha na kurudia, na kliniki yetu imetuelekeza namna. Ukimaliza tu, kabla hujakaa, unaupitisha maji ndani kwa bomba la sindano, unauosha kwa sabuni, unausuuza mpaka utelezi uishe, unauning'iniza ukauke kabisa ndani na nje. Kisha kopo kavu lenye mfuniko. Mpira uliowekwa na unyevu ni shamba la vijidudu. Ukiwa mgumu, umepasuka au umepata ukungu, tupa, usiuonee huruma. Jeli ya kuutelezesha mpira iwe ile ya maji; mafuta ya kujipaka hapana. Na usilazimishe: mpira ukigoma, subiri, mwambie mtoto akohoe au avute pumzi, jaribu tena taratibu. Ukigoma kabisa au damu ikitoka ya kuonekana, nenda hospitali.

Mkojo kunuka tu au kuwa kama una mawingu siku moja usikukimbize duka la dawa. Watoto wanaotumia mpira hukaa na vijidudu kwenye mkojo bila kuumwa, na ukiwapa vidonge kila wiki, siku ya kuumwa kweli dawa haifanyi kazi. Muongezee maji ya kunywa, angalia. Lakini homa, kutapika, maumivu ya tumbo au ubavu, au kuanza kulowa kati ya saa wakati hakuwa analowa, hapo peleka mkojo upimwe siku hiyo hiyo.

Kama mtoto wako anapewa oksibutinini ya kulegeza kibofu, ujue inapunguza jasho. Hakuna aliyetuambia. Februari ile ya joto mtoto alikuwa anawaka kama mkate, tukadhani homa, kumbe mwili hauwezi kujipoza. Siku hizi miezi ya joto hakai juani, na kitambaa cha maji kiko shingoni. Dawa hiyo hiyo hufunga choo.

Choo

Hapa sitakaa sana. Kila jioni baada ya chakula, si kabla, anakaa kwenye poti robo saa hadi nusu saa, miguu imekanyaga kigoda. Tumbo likishaingia chakula lenyewe husukuma. Papai, mchicha, maji. Kila siku saa ileile, hata kwenye msiba. Choo kigumu hubana kibofu, na tumbo lililojaa linaweza hata kuuzuia ule mrija wa kichwani usimwage vizuri, kwa hiyo usikichukulie kama jambo dogo la aibu.

Nani anashika

Hili wengi hawalisemi. Mtoto huyu mwili wake umezoea kufunuliwa tangu kuzaliwa, madaktari wanapishana, na anaweza kukua akidhani kila mtu mzima ana ruhusa. Sisi tuliweka sheria akiwa na miaka mitatu: ni watu watatu tu, mama, baba na shangazi yake wa nyumba ya pili. Mlango unafungwa. Anayetaka kugusa anasema kwanza anachotaka kufanya, hata sisi. Mtu mwingine yeyote akisema "nimetumwa na baba nikusaidie", apige kelele.

Alipofika miaka sita akaniambia hataki tena baba. Nilijisikia vibaya nusu saa, halafu nikajisikia vizuri. Zamu zangu zikaenda kwa shangazi. Alipofika minane nesi akamfundisha kujiwekea mwenyewe kwa kutumia kioo, na sasa kazi yetu ni kugonga mlango saa ikifika na kuuliza "tayari?" Nilimshonea mkoba wenye mifuko miwili, wa mipira safi na wa iliyotumika, kwa mabaki ya vitenge. Sketi ya shule nimeikata ya kupishana, yenye vifungo vya kubonyeza, ili asivue nguo zote chooni.

Shule yenyewe tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza tulibeba maneno, tukarudi nayo. Mara ya tatu tulibeba karatasi moja ya daktari na ombi dogo sana: choo kimoja chenye komeo, ndoo ya maji safi, na ruhusa ya kutoka bila kunyoosha mkono mapumziko ya saa nne, wenzake wakiwa kwenye uji. Walimu wanaogopa "ugonjwa". Choo na ndoo hawaviogopi. Saa nane akitoka anakuta nyumbani kila kitu tayari.

Miguu isiyosikia

Hili ni langu, na bado linaniuma. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa, mteja akaita nje, nikaiweka chini ukutani. Binti alikuwa na miaka minne, alikuwa akitambaa. Alipita, mguu ukagusa, akaendelea kucheza na vifungo. Hakulia, kwa sababu hakusikia chochote. Harufu ndiyo iliyoniambia.

Niliushika mguu chini ya maji ya bomba. Jirani alikuja na dawa ya meno, mwingine na yai. Niliwakatalia wote kwa ukali ambao niliomba radhi baadaye. Maji safi ya baridi ya kawaida, dakika ishirini, kisha kitambaa safi, kisha hospitali. Kidonda kilichukua miezi minne, maana ngozi isiyosikia hupona polepole na mtoto hakumbuki kuilinda.

Tangu hapo: pasi ina rafu yake juu. Jiko lipo nyuma ya kizuizi cha matofali. Maji ya kuoga yanapimwa kwa kiwiko cha mtu mzima, kamwe si kwa mguu wake. Kiti cha bajaji kilichokaa juani tunatandika kanga iliyokunjwa mara nne. Viatu kabla ya kuvaa vinageuzwa na kukung'utwa, tulishatoa sindano yangu humo. Kila jioni, baada ya kuoga, nyayo, visigino, magoti na makalio vinakaguliwa kwa tochi ya simu. Wekundu usioondoka nusu saa baada ya kuutoa uzito ni mwanzo wa kidonda. Hakalii hapo mpaka uishe. Kwenye wilchea anajiinua kwa mikono kila baada ya robo saa hivi, tumemfundisha ahesabu mpaka kumi.

Kichwa

Mrija unaweza kuziba mwezi wa kwanza au mwaka wa kumi. Hakuna siku utakayoambiwa sasa umepita hatari. Nakuomba dalili hizi uziandike ukutani kwa herufi kubwa, si kwenye simu, kwa sababu siku ya siku atakuwepo bibi na simu haitakuwepo: kutapika, hasa asubuhi, kichwa kuuma kunakozidi, usingizi usio wa kawaida, mtoto haamshiki vizuri, macho kushuka chini kama jua linazama, degedege, kwa mtoto mchanga utosi kuvimba na kukaza. Ngozi kuwa nyekundu njia nzima ya mrija, au homa miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, nayo ni safari.

Shida ya huku kwetu ni kwamba nusu ya dalili hizo zina jina moja mtaani: malaria. Mama yangu mzazi alimpa binti dawa ya malaria iliyobaki kabatini, akamfunika shuka, akasema mwacheni alale apone. Kwa mtoto mwingine labda. Kwa huyu, kulala ndiyo dalili. Tulimfikisha Muhimbili usiku, akafanyiwa upasuaji wa kubadilisha mrija alfajiri. Sasa sheria ya nyumba ni hii: kipimo cha malaria kifanyike, na hata kikisema ipo, kama mtoto anatapika na amelegea kwa usingizi bado tunakwenda kwa daktari wa vichwa. Malaria haizuii mrija kuziba.

Wapo watoto wa kichwa kikubwa wasio na mrija. Walitobolewa njia ndani ya ubongo ili maji yapite yenyewe, njia iliyoendelezwa sana kwa watoto wachanga huko Mbale, Uganda, na daktari Benjamin Warf. Hata njia hiyo huweza kujifunga, kwa hiyo na wao wasome ukuta ule ule.

Kuna dalili za polepole pia. Mwandiko kuharibika, hasira mpya, mtoto aliyekuwa anatembea vizuri kuanza kujikwaa, mgongo kuuma, kulowa upya wakati anarefuka haraka. Uti wa mgongo unaweza kuwa umenasa kwenye kovu. Hiyo si ya kukimbilia usiku, ila usingoje tarehe ya kliniki ijayo.

Kaka yake

Kijana wetu mkubwa ana miaka kumi na tatu. Kwa miaka mingi tulimsifu kwa jambo moja: hasumbui. Anapika ugali, anasukuma wilchea, anajua kopo la bluu. Siku moja nilikuwa naandika upya namba ukutani, akasimama nyuma yangu akauliza: "Na mimi nikiumwa mtaandika?" Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Sikuwa na jibu. Usiku nikamwambia mama yao, tukakaa kimya wote wawili. Tukachunguza: mara ya mwisho kwenda shuleni kwake kuuliza maendeleo ilikuwa lini? Hatukukumbuka. Alikuwa ameshaacha kutuletea karatasi za mitihani, tukadhani hakuna mitihani.

Tulichofanya si kikubwa. Jumamosi kuanzia saa mbili mpaka saa nane ni ya kwake na mmoja wetu, na mtoto wa wilchea hata akilia haji. Tunakwenda kuangalia mpira, au ananisindikiza Kariakoo kununua vitambaa na tunakula chipsi mayai njiani, tena hapo ndipo anapozungumza, akiwa anatazama sahani. Kusukuma wilchea kwenda shule ni siku mbili kwa wiki, siyo tano. Zile nyingine nasukuma mimi, na mteja atasubiri. Na mambo ya chooni ya dada yake hayamhusu kabisa, tulimwondolea moja kwa moja; mvulana wa umri wake hapaswi kubeba hilo na dada yake hapaswi kubebwa hivyo. Tulimwambia pia ukweli wote kuhusu mrija, maana alikuwa anaogopa kwamba alipomwangusha mdogo wake zamani ndiko kulikoleta kichwa. Miaka minne alikuwa na siri hiyo peke yake.

Ukutani sasa kuna mstari wa pili, wa kwake. Mitihani, mechi, siku ya kunyoa.

Wakubwa na maneno yao

Upande wetu walisema mke wangu alivunja mwiko. Upande wake walisema kuna mkono wa mtu. Kubishana kulitumalizia nguvu tu. Kilichosaidia ni kumchukua mama yangu kliniki ya kichwa kikubwa na mgongo wazi, akakaa kwenye benchi saa tatu na kina mama wa Lindi, Dodoma, Pemba, Wakristo, Waislamu, wote wana mtoto wa namna moja. Alirudi kimya. Kesho yake akaanza kujifunza kupima maji kwa kiwiko.

Tulipotaka mtoto mwingine daktari alituambia jambo ambalo ningependa kila binti aliyevunja ungo alijue. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, na wanawake wengi siku hizo hawajajijua. Tembe za kliniki ya wajawazito zinakuja zikiwa zimechelewa kwa hilo. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku inatakiwa kuanza kabla ya kushika mimba, na aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi huandikiwa kiwango kikubwa zaidi, miligramu 4 hadi 5, kuanzia miezi kabla mpaka wiki ya 12. Inapunguza sana hatari, haiifuti. Mke wangu alimeza miezi mitatu kabla. Wa tatu ana miaka miwili sasa, mgongo ulifunga, na kazi yake ni kufuta chaki yangu.

Kwa mimi na mama yao tuna sharti moja tu: saa nne usiku ikishapita, mambo ya mtoto hayazungumzwi mpaka alfajiri, labda kama kuna dharura. Wiki za mwanzo hatukuwa na la kusema. Tukaanza kusikiliza redio.

Mfuko wa usiku

Uandae leo. Ndani ya wetu mna kadi ya kliniki na nakala ya ripoti ya upasuaji wa mwisho ikiwa imefungwa nailoni, karatasi yenye majina ya dawa na maneno ANA MZIO WA RABA kwa wino mwekundu, mipira minne safi na jeli, kanga mbili, chaja, sabuni, biskuti za anayesindikiza, na elfu thelathini ya bajaji iliyoshonewa kwenye pindo ili isikopwe. Namba za madereva wawili wa jirani wanaokubali kuamshwa ziko kwenye karatasi hiyo hiyo, maana mmoja anaweza kuwa safarini. Mfuko unakaa msumari wa pili nyuma ya mlango. Msumari wa kwanza ni wa mwavuli.